Miti tumeihesabu, mto je? Kisa cha Ruaha Mkuu

Mto Ruaha Mkuu umeokolewa mara nyingi. Umeokolewa na miradi ya wafadhili, umeokolewa kwa amri za serikali, umeokolewa kwa kuhamisha wafugaji, kwa kung'oa vinyungu (bustani za mabondeni), kwa kupanda miche, kwa kusimika vigingi mita 60 kutoka ukingoni. Na bado, karibu kila kiangazi tangu 1993, kipande chake kinachopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hukatika. Maji husimama kwenye madimbwi, viboko hubanana humo na kuyachafua, samaki hufa kwa kukosa hewa, tembo huchimba mchanga kutafuta pa kunywa.

Kwa nini unakauka, hilo limeandikwa sana. Ninachotaka kuchambua hapa ni jambo linaloulizwa mara chache: kati ya hayo yote yaliyofanywa, lipi limesaidia? Kwa taarifa zinazotufikia sisi wakazi wa bonde hili, huwezi kujibu. Si kwamba vipimo havipo. Vipo, na vingine vilianza miaka ya 1960. Ila kazi hufanyika huku, vipimo hukaa kule, na siku ya kuandika ripoti hakuna anayevikutanisha.

Maji yanakotoka na yanakoishia

Tuanze na mto wenyewe, maana ukikosea hapo utaweka kipimo mahali pasipo na jibu. Mito inayolisha Ruaha Mkuu ni Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mkono mkuu wenyewe, pamoja na vijito kadhaa ambavyo hukauka mvua zikiisha. Inatoka milima ya Uporoto na Kipengere na nyanda za Mufindi. Huko juu mvua ya mwaka hufika milimita 1,600. Chini kwenye tambarare la Usangu haifiki 700 sehemu nyingi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili au Mei. Kwa hiyo maji unayoyaona mtoni Agosti ni yale yaliyozama ardhini milimani na sasa yanatoka polepole.

Mito hiyo ikishavuka barabara kuu ya Tanzam inaingia kwenye nchi ya mpunga. Hapo kuna mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira, na kuyazunguka kuna majaruba ya wakulima wadogo yasiyo na idadi. Maji yanayobaki hukusanyika na kuingia Ihefu, ardhioevu ya mashariki ya Usangu. Ihefu ni beseni lenye mdomo wa mwamba, na mdomo huo uko Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya mwamba ule, Ihefu yenyewe inaweza kuwa bado imejaa matete na kambale, lakini mto ulio chini yake haupati hata tone.

Hapa ndipo wengi tunapotea. Mtu wa Iringa mjini anavuka Ipogolo kila siku, anaona Ruaha Mdogo unapita chini ya daraja, anahitimisha kwamba habari za mto kukauka zimetiwa chumvi. Ruaha Mdogo unaungana na Mkuu baada ya hifadhi, karibu na Mtera. Hata ukifurika, hauwasaidii viboko wa Msembe, ndani ya hifadhi, kwa lolote.

Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine walichapisha hesabu ambayo naamini ndiyo muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Walikuta kwamba kati ya 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu miezi ya Julai hadi Novemba yalipungua kwa takriban asilimia 70, na eneo lake la kiangazi likanywea kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93. Kisha wakauliza: mto uliomo hifadhini unahitaji nini ili usife? Jibu lao lilikuwa mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani lita 600, zikitoka Ng'iriama kiangazi chote. Ili hizo zitoke, ni lazima ziingie Ihefu wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kilichokuwa kikiingia wakati ule.

Saba ziingie, 0.6 zitoke. Basi tangu 2006 tumekuwa na kiwango cha kupimia kila mradi unaodai kuuokoa mto huu. Hakina miche, hakina semina, hakina idadi ya wanufaika. Ukisoma taarifa ya mradi wowote wa Ruaha Mkuu usione tarakimu hizo mbili, au nyingine za aina hiyo, jua kwamba umesoma taarifa ya kazi iliyofanyika. Mto haumo.

Kisa cha ng'ombe

Kati ya dawa zote, iliyoumiza watu zaidi ni kuondoa mifugo. Kwa miaka mingi lawama ya kukauka kwa mto ilikuwa ya wafugaji: ng'ombe wanakanyaga Ihefu, wanamaliza nyasi, wanakausha maji. Mradi wa SMUWC, wa usimamizi endelevu wa ardhioevu ya Usangu, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 1998 na 2001, ulipima na kutoa picha tofauti: mto unakatika hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani. Mwaka huo huo wa 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliitangazia dunia kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na hifadhi, ambayo ikafikia kilomita za mraba 20,226.

Nitaacha pembeni kwa sasa suala la haki, ingawa halipaswi kuachwa pembeni na wenye mamlaka. Tulitazame jambo hili kama jaribio, kwa sababu bila kukusudia lilikuwa jaribio kubwa. Dhana ilikuwa: ng'ombe wakiondoka, mto utarudi. Ng'ombe waliondoka. Mto uliendelea kukatika. Mwaka 2010 wa ahadi ulipita, na 2017 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, akaunda kikosi kazi cha kuinusuru ikolojia ya mto ule ule.

Ila angalia jinsi ilivyokuwa rahisi kudanganyika katikati. Mwaka 2006 ulianza na ukame uliotuletea mgao wa umeme; mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka huo zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima. Mtu aliyelinganisha kiangazi cha kabla ya kuhamisha wafugaji na kile cha baada yake angeona maji yameongezeka, akapiga makofi. Amelinganisha mwaka wa ukame na mwaka wa mvua, basi. Ng'ombe hawamo kwenye hesabu hiyo.

Inawezekana kabisa kwamba nyasi za Ihefu, ndege na mazalia ya samaki yalinufaika mifugo ilipotoka. Mimi nisingeshangaa. Lakini lengo lililotangazwa kwa wananchi lilikuwa maji. Ukimhamisha mtu na ukoo wake kwa ajili ya maji, halafu ukaja kuhesabu ndege, umebadilisha swali baada ya kuona jibu.

Banio la saruji

Dawa ya pili ilikuwa ya kitaalamu zaidi, na ndiyo inayonivutia kwa sababu ilishindwa kwa namna ambayo bila kupima usingeijua kamwe.

Banio la kienyeji Usangu ni mawe, matawi, nyasi na udongo vilivyopangwa mtoni kusukuma maji kuelekea mferejini. Linavuja. Mafuriko ya kwanza yanalibeba na wenye mfereji wanalijenga upya. Kwa macho ya mhandisi huo ni upotevu, na miaka ya 1990 mabanio mengi yaliboreshwa kwa fedha za wafadhili: kuta za saruji, lango la chuma, gurudumu la kufungulia. Lengo lilikuwa kuongeza ufanisi, na ufanisi, tukaambiwa, ungebakiza maji mtoni.

Watafiti waliofuatilia waligundua kinyume chake. Banio lililokuwa likivuja lilikuwa, kwa kuvuja kwake, likigawa maji kwa watu wa chini na kwa Ihefu. La saruji halivuji. Kiangazi mto unapokuwa mdogo, lango lile lina uwezo wa kuchukua karibu mto mzima. Vibali vya kutumia maji navyo, vikiwa vimeandikwa kwa kiwango kisichobadilika kati ya masika na kiangazi, vilimpa mwenye mfereji sababu ya kusema: nimelipia, ni haki yangu. Watu wa chini wana usemi wao, kwamba wa juu wanawabania, na safari hii walibaniwa kwa saruji ya msaada.

Ukiipima kazi ile kwa viashiria vya mradi wenyewe, ilifaulu: mabanio yalijengwa, kamati zikaundwa, mashamba yakapata maji. Ukiipima mita mia mbili chini ya lango, mwezi Septemba, unapata jibu jingine.

Na kuna jambo dogo ambalo kila anayepita Usangu kiangazi anaweza kuliona bila kifaa. Mpunga umeshavunwa, majaruba yamekauka, lakini mifereji bado inapitisha maji. Yanakwenda wapi? Ya kunywa, ya kufulia, ya mifugo, ya kufyatulia matofali, ya bustani ya nyanya nyuma ya nyumba. Kijiji kinahitaji ndoo na madumu, lakini ili ndoo hizo zifike ni lazima mfereji mzima uloweke udongo kilomita baada ya kilomita. Kwa maoni yangu, kisima kirefu kijijini, kinachowezesha lango la banio kufungwa kuanzia Julai, ni mradi bora wa kurejesha mto kuliko miche elfu kumi. Sikatai kwamba naweza kuwa nakosea. Uzuri wake ni kwamba hilo linapimika kiangazi kimoja hadi kingine: lango limefungwa, je, maji ya chini yake yameongezeka kwa kiasi gani, au kuna aliyeyadaka mbele?

Miti, vinyungu na kile kilichopimwa Mbeya

Sasa miti. Kila maadhimisho ya siku ya maji nyanda zetu hizi huisha kwa kupanda miti kwenye vyanzo, na idadi ya miche husomwa mbele ya mgeni rasmi. Vinyungu, bustani zile za mabondeni ambazo mama wa Mufindi au Njombe analima kiangazi kwa unyevu uliobaki, hupigwa marufuku na kisha kuruhusiwa kimyakimya kila baada ya miaka kadhaa. Imani iliyo chini ya yote ni moja: msitu huleta maji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba imani hiyo iliwahi kupimwa hapa hapa, milima ya Mbeya. Kuanzia 1958, kwa takriban miaka 10, watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki walipima mabonde mawili madogo yaliyo karibu. Moja lilikuwa na msitu wa asili wa mlimani, jingine lilikuwa limelimwa na wananchi kwa kilimo cha kawaida. Mvua ilipimwa, na maji yaliyotoka kwenye kila bonde yalipimwa siku zote.

Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi. Na si masika tu, hata kiangazi.

Sababu yenyewe haina uchawi. Mti wa msituni una mizizi mirefu na majani mwaka mzima, kwa hiyo unaendelea kunywa wakati mahindi yameshavunwa na shamba limelala. Pia udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unanyonya mvua hata ukilimwa, hivyo kilimo hakikuufanya uwe mgumu wa kumwaga maji juu. Penye udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na kushindiliwa, mambo yangekuwa tofauti: mvua ingekimbia juu juu, kiangazi kingekuta ardhi kavu. Kwa hiyo asije mtu akasema nimehubiri kukata misitu. Msitu unashika udongo, unatunza viumbe, unasafisha maji. Nachosema ni kwamba jibu la Mbeya lilipatikana kwa sababu kulikuwa na bonde la pili la kulinganishia. Wangepima bonde la msitu peke yake wangeona mkondo mzuri wa maji safi, na wangerudi nyumbani na imani waliyokuja nayo.

Mikaratusi ndiyo yenye ushahidi mkali zaidi, na ushahidi huo una somo la muda. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde dogo lililokuwa la nyasi lilipandwa mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa yote ikiwa na umri wa miaka 16. Kijito kikarudi kutiririka mwaka mzima baada ya miaka 5 mingine.

Miaka 5. Mradi wa kawaida kwetu una miaka mitatu, na wa kwanza huishia kwenye manunuzi na uzinduzi. Mradi wa kung'oa mikaratusi kwenye vyanzo vya Ndembera ungefungwa, ukaguliwe na kuandikwa kwamba haukuleta maji, wakati ardhi ilikuwa bado inajaza kile ambacho mizizi ilikinyonya kwa miaka 16. Mwingine nao ungepanda miche leo, ukapima mwaka ujao miche ikiwa kimo cha magoti, ukasema maji hayajapungua.

Si sisi tu

Marekani, ambako fedha si tatizo kama huku, watafiti walikusanya kumbukumbu za miradi zaidi ya 37,000 ya kurejesha mito na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Takriban asilimia 10 tu ya kumbukumbu zilionyesha kwamba ufuatiliaji wa aina yoyote ulifanyika. Miaka mitano baadaye watafiti walipitia miradi 78 iliyorekebisha umbo la mito, kwa kurudisha mawe, mikunjo na magogo, ili wadudu wa majini wapate makazi. Ni miwili tu iliyoonyesha ongezeko la uhakika la aina za viumbe. Makazi yalirudi, wakazi hawakurudi, kwa kuwa shida ilikuwa juu zaidi mtoni, kwenye ubora wa maji na jinsi yanavyokuja.

Nayataja haya kwa sababu kuna wanaodhani kutopima ni ugonjwa wa nchi maskini.

Ubao wa Msembe

Ndani ya hifadhi, Msembe, kuna kituo cha kupimia mto ambacho rekodi zake zinaanzia miaka ya 1960. Juu, mahali mito inapotoka milimani, kuna vituo vingine: Mbarali hupimwa Igawa, mkono mkuu hupimwa Salimwani. Kati ya huko juu na Msembe ndiko kulikolala siri zote za kisa hiki.

Kifaa cha msingi hakina makuu. Ni ubao wenye tarakimu za sentimita, umesimikwa wima majini. Msomaji, mara nyingi mkazi wa jirani anayelipwa posho, huusoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Kina hicho hakiwi ujazo mpaka mtaalamu aje na kifaa cha kupimia kasi, akate mto vipande kutoka ukingo hadi ukingo, apime kina na kasi ya kila kipande, kisha atengeneze uwiano wa kina na ujazo. Mafuriko yakihamisha mchanga, uwiano wa jana ni bure.

Masika kosa la sentimita mbili halionekani. Kiangazi ndilo kila kitu. Fikiria mto umepungua hadi mkondo mwembamba uliohamia upande wa pili: ubao unasimama mchangani, daftari linaandika sifuri, na maji yanapita hatua ishirini kutoka hapo. Au kinyume chake, na hii ndiyo mbaya zaidi: mto umeshakatika, lakini mbele ya ubao limebaki dimbwi. Daftari linaandika sentimita 30. Mtu aliyeko ofisini anasoma sentimita 30 na kudhani mto uko hai. Ndiyo maana kwenye daftari la kiangazi, kando ya tarakimu, panatakiwa neno la msomaji mwenyewe aliyesimama pale: unatiririka, au umesimama.

Siku za kusimama ndizo kiashiria ambacho ningekiweka mbele ya vyote. Mkulima anakielewa, mbunge anakielewa, na hakihitaji uwiano wowote. Lakini peke yake kinadanganya kwa sababu ya mvua. Mwaka wa El Niño siku hupungua bila mtu kufanya lolote. Mvua zikichelewa hadi Desemba siku huongezeka hata kama kila lango limefungwa. Tiba yake ni kuangalia tofauti kati ya juu na chini. Kinachoonekana Igawa na Salimwani ni kazi ya Mungu na milima. Kinachopungua kati ya hapo na Nyaluhanga, mto unapoelekea kuingia Ihefu, kwa sehemu kubwa ni kazi yetu. Mradi unaofanya kazi mabanioni unapaswa kupunguza tofauti hiyo, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame vilevile.

Na ungeweza kwenda mbali zaidi kama wale wa Mbeya. Mito ya Usangu imejipanga sambamba kama imetengwa kwa ajili ya jaribio. Anza kazi kwenye Kimani, iache Chimala ingoje miaka michache, pima yote miwili juu na chini ya mabanio kuanzia viangazi viwili kabla ya kazi yoyote. Chimala nayo itapata mvua ile ile, kwa hiyo Kimani ikinyanyuka peke yake tutajua sababu. Najua ugumu wake. Hakuna diwani anayetaka kata yake iwe ile ya kungojea. Lakini fedha hazitoshi kuanza kote kwa pamoja hata hivyo. Kuna watakaongoja tu, na ni afadhali kungoja kwao kutupe jibu.

Kuhusu viumbe, tahadhari moja. Hesabu ya viboko kwenye dimbwi fulani inaweza kupanda mto unapozidi kufa, kwa kuwa wamekosa pengine pa kwenda. Wadudu wa majini hawafichi hivyo. Tanzania ina mfumo wake wa kuwapima, TARISS, uliochapishwa 2015 na kutokana na ule wa Afrika Kusini: unavuruga mawe kwa mguu, unakinga kwa wavu, unamwaga kwenye sinia jeupe na kutambua familia. Kila familia ina alama, kutoka 1 kwa wale wanaovumilia uchafu hadi 15 kwa wenye kuchagua. Vile vidudu bapa vyenye mikia kama nyuzi, vinavyong'ang'ania chini ya jiwe penye maji ya kasi, vikiwa vingi kwenye sinia ujue maji yamekuwa mazuri kwa muda, kwa sababu havikuzaliwa jana. Ukikuta minyoo ya tope na viluwiluwi vya mbu tu, hiyo nayo ni taarifa. Ila chini ya Ng'iriama mfumo huo ungekuja wa pili. Penye mto uliokatika miezi miwili, alama ndogo itakwambia kilichokwisha kuonekana kwa macho.

Nani alipe msomaji

Hapa naona ndipo mkwamo ulipo. Mradi hulipia kile kinachomalizika ndani ya mradi. Mradi wa REGROW, wa utalii na uhifadhi kusini mwa Tanzania, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2017 kwa dola milioni 150 na uligusa pia maji yanayoingia Hifadhi ya Ruaha kutoka juu, ulifutwa Novemba 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaoishi jirani na hifadhi. Usiulize kama malalamiko yalikuwa sahihi au la; uliza vifaa na posho vilivyotegemea fedha za aina hiyo vinabaki mikononi mwa nani siku mlango unapofungwa. Kipimo cha miaka 15 hakiwezi kuishi kwa fedha za miaka 5. Ni lazima kikae kwenye bajeti ya kawaida, na sehemu ya ada za vibali vya maji ingetosha kuwalipa wasomaji wa vituo wasiozidi kumi.

Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji makao yake yako Iringa. Kitu ambacho ningeiomba si mkakati mpya. Kila Jumatatu, Julai hadi Novemba, itoe karatasi moja yenye mistari mitano: Igawa, Salimwani, Nyaluhanga, Ng'iriama, Msembe. Kila mstari uwe na ujazo wa wiki hiyo na wa wiki kama hiyo mwaka jana, na wa Msembe uongezewe lile neno la msomaji. Ibandikwe halmashauri Rujewa, ibandikwe Igurusi na Ubaruku kwenye ofisi za jumuiya za watumia maji, itumwe kwenye makundi ya simu ambayo viongozi wa mifereji tayari wanayo. Wiki ambayo Igawa ina maji na Nyaluhanga haina, watu wa chini hawatahitaji warsha kujua waende kumgongea nani.